Kibano cha Plastiki

Stege, Kisiwa cha Møn,
Denmark.
18 Januari

Mpendwa Mjomba Egon,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Tasmania halijakuchosha. Goti linaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama amepona kifua, ila bado anabishana na daktari wake. Mimi na Lone tu wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna, na jua linazama kabla hatujamaliza kahawa ya alasiri.

Unisamehe kwa kimya cha miezi kumi. Kila nikianza barua nilikuwa naichana. Kisha binti yako Bodil akamwandikia Mama kwamba umeuza mashine yako ya kukereza vyuma, na watu wakikuuliza unasema mikono imezeeka.

Kile kitako cha darubini ulinitengenezea mwenyewe, gia moja moja, majira mawili ya baridi umejifungia karakana. Nami Machi nikasimama mbele ya chama chetu cha watazama nyota na picha yangu ya wingu la Orioni, nyota zimerefuka kama punje za mchele, michirizi ya chembechembe imekatiza picha nzima. Nikasema kitako hakizifuati nyota sawasawa. Hukubisha. Ulivaa koti ukaondoka, na Mei ukahamia kwa Bodil.

Juma lililopita, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, nilikuwa bustanini nikihangaika na michirizi ileile. Lone akaniletea mkate, akakigusa kile kikamera kidogo kinachoikodolea nyota moja ili kukiongoza kitako.

"Asger, haka kanacheza."

"Hakachezi bwana, usiguse."

"Shika basi mwenyewe! Kamelegea kama jino la mtoto."

Nikashika. Mjomba, ni kibano changu cha plastiki kinachokishikilia. Nilikitoa kile chako cha chuma kabla ya picha ile ya Machi, kwa kuwa nilikiona kizito, wala sikukuambia. Darubini ikigeuka, plastiki inapinda kidogo kidogo. Kikamera kinaendelea kuifuata nyota yake vizuri tu, huku kamera kubwa inateleza. Ndiyo maana nyota zilirefuka. Na zile chembe ambazo kamera huwa nazo mahali palepale, nilipozipanga picha zote moja juu ya nyingine, zikaburutwa zikawa michirizi. Ugonjwa ulikuwa mmoja, mimi nikitafuta mawili.

Nikarudisha kibano chako. Nikapiga picha arobaini, na nyota zote zikatoka mviringo, safi. Nilisimama kwenye theluji nikalia. Lone hakunionea huruma hata kidogo. "Haya, mchawi umeshampata," akasema. "Sasa mwandikie mjomba wako."

Alhamisi niliwaeleza wenzetu wa chama habari ya kibano. Gerda, mwenyekiti, akasema, "Yaani umemfukuza mzee wa watu kisiwani kwa ajili ya kiplastiki?"

Nisalimie sana Bodil na mumewe Callum, na umbusu mtoto wao Freya. Mama anakusalimu, na Lone pia. Mungu akupe afya na usingizi mzuri.

Nilitaka kufungia hapo, lakini nikifungia hapo nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Siku ile ulipokuwa unavaa koti, uliniuliza kwa sauti ya chini, "Na ule mstari kwenye kompyuta ulikuwaje, mwanangu?" Nikakujibu, "Ulikuwa unarukaruka, Mjomba." Tunajua wote, mstari ule huonyesha kitako kinavyoifuata nyota: ukirukaruka kosa ni la gia, ukinyooka gia ni nzima. Wewe ukaniamini, ukaacha kuiamini mikono yako.

Mstari haukuruka. Ulinyooka tuli tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi niliuona. Nilikuwa nimekwisha kukilaumu kitako mbele ya watu, nikaona aibu kurudi nyuma. Hili wenzetu wa chama hawalijui bado. Nimetaka ulisikie wewe kwanza.

Mimi mpwa wako, nikupendaye na nisiyestahili salamu zako,

Asger