Binti Yangu Anabeba Kosa Langu la Mashine

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba radhi, maana ni miaka miwili sasa tangu uliponijibu kuhusu kununua mashine ya kukereza vyuma kwa kiinua mgongo changu, ukaniambia nikubaliane kwanza na mke wangu mahali itakapokaa, nami nikaahidi kukujulisha nilivyoamua, kisha nikanyamaza. Sikunyamaza kwa dharau. Niliinunua, nikaiweka nilipotaka mimi, nikaona haya kukuandikia.

Nilifundisha ukerezaji chuoni kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa wasioijua kazi hii, kukereza ni kukizungusha kipande cha chuma kwa kasi huku kisu kikikipunguza kidogo kidogo mpaka kifikie kipimo, na kipimo chetu si cha rula, ni cha sehemu ya mia ya milimita. Wanafunzi walinipa jina la Bwana Nukta, wakidhani silijui. Chuma hubanwa kwa taya tatu, na taya hizo hukazwa kwa ufunguo mzito wenye umbo la herufi T, na sheria ya kwanza niliyomfundisha kila mwanafunzi kabla hajagusa swichi ni kwamba mkono ulioshika ufunguo hauuachi mpaka ufunguo utundikwe msumarini, kwa sababu ukiuacha kwenye taya kisha ukawasha mashine, hurushwa kama jiwe la kombeo na hauchagui wa kumpiga. Nilimfukuza kijana mmoja karakanani kwa kuuacha hapo huku mashine imezimwa. Aliomba msamaha mbele ya wenzake wote, nikamwambia chuma hakisikii samahani.

Mashine yangu iko katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Kati ya chumba hicho na chumba anachoshonea mke wangu kuna ukuta wa plaiwudi tu. Mke wangu alitaka iwekwe bandani, nikamwambia bandani kuna unyevu, na mashine ya vipimo vya namna hii ikishika kutu si mashine tena, ni nanga. Akasema, "Haya, kumbe nimeletewa mke mwenza wa chuma," na tangu siku hiyo kila asubuhi huniuliza mke mwenza ameamkaje.

Kitinda mimba wangu ni msichana wa miaka ishirini na minne, na ndiye pekee kati ya watoto wangu aliyekipenda chuma. Kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akikereza pamoja nami, na mkono wake ni mtulivu kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, ingawa sijawahi kumwambia. Karakana moja kubwa inayotengeneza pampu za maji imemwita kwa majaribio: akereze shafti, yaani mhimili wa pampu, mbele ya fundi mkuu, na kazi yake ikikubalika aajiriwe. Siku yenyewe ni Jumatatu ya tatu kuanzia leo.

Sasa nikueleze la aibu. Wiki tano zilizopita, asubuhi, binti yangu alibana kipande cha chuma cha mazoezi, akautundika ufunguo msumarini, akatoka kwenda dukani kununua sabuni. Nasema aliutundika kwa sababu mimi mwenyewe niliutungua. Nilikitazama kile kipande nikadhani hakijakaa katikati, nikalegeza taya, nikakiweka upya, nikaanza kukaza, na hapo mtu akabisha hodi langoni akiuliza kama ninanoa visu vya mashine ya kusaga, nikageuka nikamjibu kupitia dirishani kwamba sinoi, nikarudi, nikawasha. Ufunguo ulipenya plaiwudi, ukavunja kioo cha kabati, ukaangukia juu ya kitambaa alichokuwa akikishona mke wangu. Yeye alikuwa ameinuka kwenda kuchukua pasi. Nilipokishika kiti chake kilikuwa bado na joto.

Alikuja na ufunguo mkononi, akauliza ni nani aliyekibana kile chuma. Nikajibu kwamba alikibana binti yetu. Mshauri, jibu hilo lilikuwa kweli, na huo ndio ubaya wake. Akasema mtoto huyu angemuua, nami nikasema ajali hutokea, nikainama kuokota vioo.

Binti yangu aliporudi, mama yake alimweleza kabla mimi sijafungua kinywa, naye akasimama mlangoni na sabuni yake asibishe neno, maana angebisha kwa lipi? Jambo ulifanyalo kila siku halikai kichwani. Alijaribu kukumbuka kama aliutundika ufunguo, asikumbuke. Baada ya chakula cha mchana alinifuata nje.

"Baba, ni mimi?"

Nilivua miwani, nikaifuta, nikamwambia, "Siku nyingine uwe mwangalifu." Maneno hayo manne sijui yalitoka wapi, lakini sauti ilikuwa ile ile yangu ya darasani.

Tangu siku hiyo hajaingia chumba cha nyuma, na juzi alimwambia mama yake kwamba hataenda kwenye majaribio. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mtu anayeweza kumuua mama yake kwa kusahau, hapaswi kupewa mashine ya watu." Mke wangu amekwisha kumsamehe, anambembeleza aende, anampikia anachokipenda, na kila neno jema analomwambia linanichoma mimi kama kibanzi cha chuma chini ya ukucha.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Sisemi kwa sababu ninaogopa. Mwaka huu nimeliacha jiko likiwaka mara mbili, nimemwita mwanangu wa kwanza kwa jina la marehemu kaka yangu, na nimewahi kuitafuta nyumba nzima miwani iliyokuwa usoni pangu. Mwanangu huyo aliniambia, akicheka lakini hatanii, kwamba kosa moja tena na mashine inauzwa, nami nahamia kwake, na huko najua nitakaa mbele ya televisheni nikiulizwa kama nimekunywa dawa. Nikiwa mbele ya ile mashine mimi ni fundi. Nikiondoka mbele yake ni mzee anayetafuta miwani. Na kuna hofu kubwa kuliko ya mashine, ambayo naiandika hapa kwa mara ya kwanza: kwamba wanasema kweli, na akili yangu inaniaga.

Nimefikiria njia moja. Nimwite binti yangu, nimwambie kwamba hakuna fundi asiyewahi kukosea, kwamba nimemsamehe, na kwamba aende kwenye majaribio bila wasiwasi. Kisha akishaajiriwa na mambo yakatulia, nimweleze ukweli polepole. Je, njia hiyo inafaa? Nakuomba pia, ukiichapa barua hii, ubadilishe mambo machache, kwa kuwa mke wangu huusoma ukurasa wako kila Jumamosi, tena kwa sauti.

Wako,
Baba Mwenye Hofu

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu wangu,

Radhi yako nimeipokea. Ombi lako la kubadilisha mambo machache nimelikataa. Jibu hili nakutumia nyumbani kwanza, na sitachapa lolote mpaka uniandikie kwamba hakuna tena wa kufichwa chini ya paa lako.

Pole kwa mshtuko ule. Nilipofika mahali pa kiti niliacha kusoma, kisha nikarudia. Pole pia kwa hofu yako ya kusahau, maana hiyo si ya kuchekwa. Lakini hebu nikuulize: yule kijana uliyemfukuza alikuwa na miaka mingapi? Hakuwa mzee, naye aliusahau ufunguo kwenye taya vile vile, na hakuna aliyesema akili yake inamuaga. Kusahau ufunguo hakuthibitishi unaloliogopa, wala hakulikanushi. Kuna wataalamu wa kulipima jambo hilo, na wewe na mimi si miongoni mwao.

Sasa tuje kwenye lile usilolisahau. Ufunguo uliachwa na mtu aliyeitwa dirishani. Maneno yale manne yalisemwa na mtu mwenye akili zake zote, aliyepata hata nafasi ya kufuta miwani. Usinichanganyie mambo hayo mawili. La kwanza ni ajali. La pili ni kazi ya mikono yako, na ni kazi mbovu.

Tena umeniletea njia yako uliyoifikiria. Unataka kumsamehe binti yako kwa kosa ulilolifanya wewe. Isome sentensi hiyo kwa sauti, kama mkeo anavyousoma ukurasa wangu, usikie inavyolia. Halafu unasema utamweleza polepole akishaajiriwa. Mwalimu, atasimama kila siku mbele ya chuma kinachozunguka akiwa hauamini mkono wake, na aliyemwondolea imani hiyo ni wewe. Fundi anayeuogopa mkono wake mwenyewe huwa salama kiasi gani? Hilo unalijua kuliko mimi, na ndiyo sababu nakukasirikia. Ungekuwa muuza maandazi ningekuonea huruma zaidi.

Siku utakapoipata barua hii, usingoje kesho. Waite mkeo na binti yako, wote wawili kwa pamoja, wakae. Anza na neno "mimi". Usianze na aliyebisha hodi, usianze na unyevu wa bandani, usianze na umri. Sema: mimi niliutungua ufunguo, mimi niliuacha kwenye taya, mimi niliwasha, kisha nikakuacha wewe mwanangu ubebe. Ukimaliza, nyamaza. Mkeo akikutolea yote ya miaka miwili, yasikilize yote. Binti yako asipotaka kusema nawe, usimfuate mlango kwa mlango ukidai msamaha. Yeye alikungoja wiki tano, nawe utaweza kungoja.

Kisha uchomoe waya wa mashine ukutani na usiurudishe mpaka umwone daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo mweleze habari za jiko na za jina la marehemu kaka yako bila kupunguza. Mkeo aingie nawe ndani, asibaki nje kwenye benchi, maana tumekwisha kuona unavyojibu ukiulizwa swali ukiwa peke yako.

Na lolote litakaloamuliwa baadaye, mashine hiyo itoke katika chumba hicho. Miaka miwili iliyopita nilikwambia ukubaliane na mkeo, ukaona kutu ni jambo kubwa kuliko yeye. Chuma kikishika kutu husuguliwa kwa msasa na mafuta kikang'aa tena. Mtu akipigwa na ufunguo kisogoni hasuguliwi. Lipigeni sakafu ya saruji hilo banda, mliezeke vizuri. Kama daktari atasema mikono na kichwa chako bado vinafaa, basi usiiwashe tena ukiwa peke yako. Kama atasema havifai, wewe ni mwalimu, na mwalimu hufundisha hata akiwa ameketi. Lakini uamuzi huo si wako peke yako, wala si wa mwanao wa kwanza peke yake. Hata huyo anayekutishia televisheni aambiwe ukweli, na akitaka kucheka, acheke.

Jumatatu ya binti yako iko karibu. Usiniandikie barua nyingine kabla ya kusema naye.

BARUA YAKE YA MAJIBU, NINAYOICHAPA KWA IDHINI YAKE

Mshauri,

Nilisema Jumatano, saa nane mchana, jibu lako likiwa mfukoni. Nilianza na neno "mimi" kama ulivyoagiza, lakini baada ya sentensi mbili nilijikuta niko langoni na yule mtu wa visu, mke wangu akanikatiza, "Rudi kwako." Nikarudi, nikamaliza.

Mke wangu aliondoka akaenda kumwagilia mchicha ambao ulikuwa umekwisha kumwagiliwa asubuhi. Binti yangu alibaki ameketi. Hakulia. Aliniuliza kama kipande alichokibana kilikuwa kweli hakijakaa katikati. Ilinibidi nimjibu kwamba sikukipima, nilikitazama tu. Akasema, "Na mimi ungenikubalia jibu hilo?"

Jumatatu alienda kwenye majaribio, mama yake akamsindikiza mpaka kituoni, mimi sikualikwa. Alirudi na mafuta kwenye kola, akamwambia mama yake, nami nikiwepo, kwamba fundi mkuu aliipima shafti yake mara tatu, akaandika jina lake. Watamjulisha.

Waya umechomolewa. Daktari atatuona Alhamisi ijayo, mimi na mke wangu. Mwanangu wa kwanza amekuja, hakucheka, na anataka mashine iuzwe. Mke wangu hajasema. Binti yangu amesema tumsikilize daktari kwanza, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonielekezea mimi tangu siku ile. Kila mara ninapokipita kile chumba huwa kama mwanafunzi anayengoja matokeo, na sijui ningependa yawe yapi.

Mara ya kwanza niliamua peke yangu, nikakukalia kimya miaka miwili. Safari hii tutaamua watu wanne, na nitakuandikia wiki hiyo hiyo, hata kama uamuzi wenyewe hautanipendeza.