Maneno Manne Niliyoyaongeza Mkutanoni

Addis Ababa,
Jumatano mchana

Kwako wifi yangu Nyangeta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hapo Nyasura mnaendeleaje? Mguu wa Mama bado mnaukanda kwa maji ya moto, au hatimaye amekubali kwenda hospitali? Watoto wanakwenda shule? Na yule wa mwisho, bado hakubali kulala mpaka aambiwe baba yuko njiani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo siwezi kukudanganya, wifi. Sina raha, sili, na sijui nimshike nani.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zetu zilichukuliwa tangu Jumapili. Sisi wakalimani wa kikao cha faragha tunakaa bila simu mpaka mkutano ufungwe. Kuna sista mmoja wa kwetu Butiama anayefanya kazi kwenye nyumba hii ya wageni tunamolala. Kesho anaanza likizo, anakuja Musoma, na ameahidi kukufikishia barua hii mwenyewe. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza utaamua Mama aambiwe nini.

Unakumbuka mdogo wangu Mafuru alivyokuwa akinichokoza kila nikifungasha begi kuja kwenye mikutano hii? "Dada, hao wakubwa wanakutanaga tu kula nyama na kupiga picha. Na wewe unaendaga kuwasindikizia maneno." Wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika mlango. Mimi nilikuwa nakasirika kweli, kwa sababu nilikuwa naamini. Nimekaa kwenye kile kibanda cha vioo miaka saba, nimeona watu wakiingia ukumbini hawasalimiani na siku ya tatu wanagawana maji ya chupa. Nimeona mpaka ukifunguliwa kwa sababu marais wawili walikutana uso kwa uso wakashindwa kuendelea kununiana. Picha ni kweli wanapiga. Lakini wakati mwingine, kabla ya picha, mtu anasema neno moja na malori mia yanaondoka.

Ndiyo maana niliposikia kwamba serikali ya kule ng'ambo ya ziwa itakutana na wale wenye bunduki walioshika barabara, barabara ileile ambayo lori la Mafuru la dagaa lilionekana mara ya mwisho kwenye kizuizi chao, nilisema Mungu amenisikia. Nikaomba kazi. Kwenye fomu waliuliza kama nina ndugu anayeguswa na mgogoro huo. Niliandika hapana. Wifi, nilimwandika ndugu yangu wa tumbo moja kwamba hayupo. Nilikuwa nawaza tu kwamba nitakuwa karibu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, usije ukaniona mwendawazimu. Mkalimani hana mdomo wake. Mkuu wa ujumbe akisema kwa Kifaransa "mimi nimekasirika," na mimi kwenye maikrofoni nasema kwa Kiswahili "mimi nimekasirika," wala sisemi "amesema amekasirika." Ninakuwa yeye. Tunafanya wawili wawili, nusu saa mimi, nusu saa mwenzangu, na mwenzangu safari hii ni Mzee Kasongo, mtu mzima wa Lubumbashi aliyenifundisha kazi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuongeza. Ukipunguza, watasema ulichoka. Ukiongeza, umemwekea mtu maneno mdomoni, na mtu huyo ana jeshi.

Jumatatu asubuhi mkuu wa upande wa serikali alikuwa anazungumza, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye maikrofoni. Alifika mahali akasema wanataka raia wote waliozuiliwa waachiwe. Basi. Akaweka nukta, akaanza kufungua ukurasa mwingine. Nikaona wanapita, wifi. Miezi minne tunamsubiri Mafuru, na hao wanapita kuingia kwenye mambo ya madini. Mdomo wangu ukasema: "Raia wote waliozuiliwa waachiwe, wakiwemo madereva wa kigeni."

Mzee Kasongo alinigeukia akazima maikrofoni yangu. "Pendo, unasema nini pale? Ule muzee hakusema vile."

Lakini upande wa pili walikuwa wameshasikia. Mkuu wao husikiliza Kiswahili. Akapiga meza kwa kiganja, akasema: "Hatuna dereva wa kigeni hata mmoja. Hajawahi kuwepo. Na hiyo iandikwe." Makatibu wakainama wakaandika. Yule wa serikali akashangaa kidogo, akadhani ni hasira tu za mazungumzo, akaendelea na madini yake.

Umeona nilichokifanya? Kabla ya hapo walikuwa wanaweza kumwachia Mafuru kimyakimya asubuhi yoyote, wampe funguo, wamwambie potea. Sasa mkuu wao amesema mbele ya wasuluhishi wa nchi tano kwamba hawana dereva. Mafuru akitokea barabarani akiwa hai, mkubwa huyo ni mwongo. Nani atakubali kumtoa? Zamu ya Mzee Kasongo ilipokwisha, nikarudi nikaendelea na kazi.

Jana nikaenda kwa katibu wa kikao nikakiri. Nilisema kila kitu: maneno ni yangu, mjumbe hakuyatamka, na dereva ni mdogo wangu. Mama huyo hakunifokea. Alivuta kumbukumbu za kikao, akatafuta ukurasa, akachora mstari juu ya maneno yangu, kisha akachora mwingine juu ya majibu yao. "Kwa kuwa swali halikuulizwa," akasema, "jibu nalo halipo." Akaweka sahihi pembeni. Kisha akaniambia nisiingie tena kibandani, nikae hapa nyumba ya wageni hadi mkutano ufungwe. Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, nadhani unaelewa.

Nilishukuru ile mistari miwili. Nilishukuru kweli. Halafu nikiwa kwenye korido nikaelewa kwamba sasa ukumbi mzima hauna hata neno moja linalomhusu Mafuru. Tamko la pamoja litasomwa Ijumaa, na niliiona rasimu yake tangu Jumapili: wanapongezana, wanalaani, wanakubaliana kukutana tena. Waliliandika kabla hawajaonana. Nililia pale pale koridoni kama mtoto, na watu wenye suti wananipita.

Mmoja alirudi nyuma. Ni kijana wa upande wa pili, yule anayekaa nyuma ya mkuu wao na kubeba makaratasi. Sijui alisikia wapi, pengine alikuwa mlangoni. Akaangalia kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, ule ndugu yako anaitwaka nani?"

Wifi, nikaanza kupima. Huyu anaweza kupiga simu moja na mume wako akarudishiwa funguo. Anaweza pia kupiga simu moja na wakahakikisha kweli hawana dereva. Uso wake haukuonyesha chochote. Nilitaka nikuulize wewe kwanza, maana ni mume wako, na simu sina. Na yeye alikuwa anaangalia saa.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, wakaanza kutoka.

Ikija namba usiyoijua, pokea, hata kama uko kanisani. Usiseme mimi ni nani wala nafanya kazi gani. Ukisikia sauti ya Mafuru usilie, muulize yuko wapi na nani yuko naye.

Nisalimie Mama, lakini mpe salamu tu, hayo mengine yaache mpaka ukae vizuri. Msalimie baba mdogo wa Kibara, mwenye mitumbwi, mwambie dagaa wake ndio waliokuwa kwenye lori na simlaumu. Shangazi anayewauzia chai wachimbaji kule Buhemba umwambie azidishe sala. Watoto uwabusu wote, na yule wa mwisho umwambie lile lile analotaka kuambiwa.

Ni mimi wifi yako Pendo, dada wa mume wako, niliyelitaja jina lake lote, na la baba yake, na kijiji chake, bila kukuuliza.