Bibi na Bwana Wagombea Godoro

Alhamisi

Kosa ni langu. Ningesema "Nembo ya Taifa" nikaishia hapo, lakini nikaongeza na lile jina la mitaani, "Bibi na Bwana", ili watoto wa chekechea waelewe. Wakaelewa.

Bi. Zuhura, mkuu wa shule, alikuwa amekaa nyuma ananisikiliza. Kesho muda wangu wa majaribio unakwisha, na hajatamka lolote kuhusu kunibakisha.

Nikainua picha. "Hawa bibi na bwana wanafanya nini?"

"Wameachana," akasema Mwanaidi. "Wanagombea godoro."

Nikamweleza kwamba ile ni ngao. Akaitazama tena, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Mwalimu, si kila mtu kalishika upande wake?"

Darasa likagawanyika. Wasichana wakasema godoro ni la bibi, kaja nalo. Wavulana wakasema bwana ndiye kalinunua. Nikakimbilia maandishi ya chini, nikasoma kwa sauti: "Uhuru na Umoja."

"Umoja ndio umekwisha," akasema Mwanaidi. "Bibi kataka uhuru wake."

Miaka mitatu ya chuo, na nikaishia kuishusha picha.

Baada ya kipindi Bi. Zuhura aliniita uani. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Mwanangu," akasema, "wiki ijayo wafundishe twiga. Twiga hana mume wa kugombana naye."

Nimetembea hadi nyumbani Makorora nikirudia maneno mawili tu: wiki ijayo.