Gemu ya Marehemu

Ukunda, Alhamisi, Julai 1998

Sijui nicheke au nilie.

Tangu nianze kukaa eda ya mume wangu Juma sitoki, na meza yangu ya samaki sokoni iko tupu. Kila siku nawaza tutakula nini. Ile mashine ya gemu aliyopewa Juma na mgeni wa hoteli, mama yake aliniamuru niifungie kabatini. Mchezo wa shetani, alisema, na hii ni nyumba ya msiba.

Leo baada ya adhuhuri nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka nikasikia ngurumo za magari sebuleni. Nikachungulia. Majirani wanawake wamejaa mkekani, buibui wamezivua, na katikati yao mama mkwe, kidude cha vitufe mkononi, anaendesha gari kwenye televisheni. Anayetaka kushindana naye anatia sarafu kikombeni kwanza.

Nilisimama mlangoni kama... hata sijui.

"Mama, si ulisema ni mchezo wa shetani?"

Hakugeuka. "Eda imekufunga wewe, mwanangu, haikunifunga mimi. Unga utatoka wapi?"

"Na nani aliyekufundisha?"

Gari likagonga ukuta. Akakiweka kile kidude chini taratibu.

"Juma. Kila ulipokwenda sokoni."

Nami nilikuwa nikirudi, nikiigusa televisheni na kuikuta ya moto, namgombeza Juma. Hakumtaja mama yake hata siku moja.