Kufuli kwa Kila Ujumbe

Maalim Mwakio,

Sijui nianze na salamu gani, maana "hujambo" haikufai tena, na ile dua ya kwetu nimeshakuombea bila kujali kama Mtaita kama wewe ataipokea. Ni mwezi wa tatu tangu wakupeleke kwenu kuzikwa. Kiti chako hapa ofisini Garissa kimewekewa maboksi ya karatasi. Programu ya jumbe ninaiangalia mimi, Sadia, mwanafunzi wako. Nimegundua kitu, na hakuna mwingine hapa ambaye angefurahia kukisikia.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya kile kisanduku. Mtu wa kambi ya wakimbizi ya Ifo anatuletea ujumbe kwa jamaa yake ng'ambo, tunauandika kwenye programu, programu inatengeneza kiungo na kukipeleka kwa barua pepe, na jamaa akikibonyeza anausoma. Ukiweka tiki kwenye kisanduku, kiungo kinatoka na kufuli. Usipoweka, ujumbe unasafiri wazi na yeyote wa njiani anaweza kuuchungulia. Wewe ulitaka kila kiungo kitoke kimefungwa, mtu asiulizwe. Mimi nilikuona mtu wa kushukushuku tu. Kwetu Galbet, baba alipompa dereva wa lori barua ya kupeleka Takaba, hakuitia gundi, kwa sababu kuifunga ni kumwambia dereva usoni kwamba humwamini. Hata yule mzee wa ngamia, mteja wetu wa siku zote, alikuja juu nilipomuuliza kama nimwekee tiki. "Mimi hana siri. Kwa nini wewe nafunga barua yangu kama mimi ni mwisi?" Nikamwambia kwa heshima, kama baba mdogo, haya, adeer, inaenda wazi.

Halafu siku moja nikaona jumbe zako kwa dada yako, yule muuguzi aliye ng'ambo. Katika orodha nzima ni zako tu zilizokuwa na tiki. Nikakutania mbele ya watu wote: "Maalim, unaficha bibi wa pili?" Ofisi ikaangua kicheko, nawe ukacheka, nikadhani yameisha. Tangu siku hiyo hukumwandikia tena.

Ni hospitalini, siku zako za mwisho, ndipo uliponiambia unaumwa nini. Ule ugonjwa ambao hapa watu wanautaja kwa kushusha sauti. Nyumbani waliambiwa malaria. Ukaniomba dada yako aujue ukweli. "Mwandikie wewe, Sadia, lakini ile tiki isininyooshee kidole tena." Maalim, mimi ndiye niliyekunyooshea kidole. Nimeona aibu mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia, ilibidi kufuli liwe la wote. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilijua kwamba pasipo tiki, programu inamwangalia mgeni, yaani yeyote anayeifungua, ameingiaje: akiingia kwa mlango wenye kufuli inatengeneza kiungo chenye kufuli, akiingia wazi, kama tulivyozoea sote, inatengeneza cha wazi. Nikasema basi, wote ofisini tupite mlango wenye kufuli, yaani ile anwani salama ya programu. Tukapita. Nikajiandikia ujumbe wa kujaribu, nikafungua barua pepe yangu, na kiungo kimetoka wazi. Nikarudia mara nne. Ungenicheka, nilivyoikodolea macho ile skrini kama nimedhulumiwa.

Nikaanza kujiuliza, nani hasa anayeliona kufuli? Nikachora zile mashine zetu mbili kwenye karatasi. Ya mbele inapokea wageni, inalifungua kufuli, kisha inampitisha mgeni ndani kwa waya mfupi ulio wazi. Programu yenyewe inakaa kwenye mashine ya nyuma. Ni kama mpishi aliyefungiwa jikoni: geti la nyumba hajawahi kuliona, ukimuuliza ataapa kwamba halipo. Kumbe programu haikuwa na kosa, ilikuwa inasema ilichokiona. Nilifurahi, Maalim, nikageuka kukuita. Pale kwenye kiti kuna maboksi.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: usimwangalie mgeni ameingiaje, kila kiungo kitie kufuli. Nikaianzisha programu upya, nikajaribu, na kikatoka kimefungwa. Nikakibonyeza, na lile kufuli dogo likatokea pembeni ya skrini. Kisha nikakiondoa kisanduku kwenye ukurasa. Mkubwa analalamika kwamba kurasa zinafunguka polepole zaidi, na kweli zinachelewa kidogo. Mzee wa ngamia alikuja tena, ujumbe wake ukaenda umefungwa. Hakuulizwa, kwa hiyo hakutukanwa. Hilo ndilo ulilokuwa ukinieleza nami sikulielewa, kwamba mtu akiombwa kuchagua kufuli, tayari ameshajitangaza.

Juzi zilitoka jumbe nyingi, za harusi, za mtoto aliyezaliwa, za salamu tu, na katikati yake wangu kwa dada yako. Nilimwandikia kila kitu, hata jina la ugonjwa sikulizungusha. Abdi wa meza ya pili aliipitia orodha yote akitafuta ujumbe wa mjomba wake. Akaupita ule bila kusimama.

Leo dada yako amejibu. Anasema yeye ni muuguzi, ugonjwa alikwisha kuukisia. Asichokielewa ni kwa nini uliacha kumwandikia, na ananiuliza alikukosea nini.

Nimemjibu kwamba hakukukosea. Nimemweleza kicheko kile kilianzia kwa nani.

Kwaheri, Maalim wangu. Dada yako anisamehe, asinisamehe, maadamu mimi niko hapa kisanduku kile hakirudi.

Mwanafunzi wako,
Sadia