Kilo Nilizomwongezea Mtoto

Alhamisi, Julai 2008. Waithaka. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Sijui nianzie wapi.

Mimi ni mwembamba tangu utotoni. Pale River Road, kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi ninakofanya kazi, wenzangu huniita Sindano, na sijawahi kukasirika. Lakini nilipopata mimba, nesi wa kliniki aliniambia nimeanza nikiwa na uzito mdogo mno, kwa hivyo mimi inabidi niongeze kilo nyingi kuliko akina mama wengine. Na wakati huo nilikuwa natapika hata maji.

Mwangi, mume wangu, akageuka mpishi. Mayai, maharagwe, avokado, uji wa wimbi na maziwa, njugu za kutafuna kazini. Nilikula bila njaa. Nilikula nikilia. Nikitapika, naanza tena. Kila nikienda kliniki mshale wa mizani ulikuwa umesogea kidogo tu, nami nilitoka pale nikijiona kama mtu anayemnyima mwanawe chakula.

Leo, mimba ikiwa ya miezi saba, mshale umesogea sana.

"Mama, umeongeza vizuri!" nesi alisema, akacheka kabisa. "Sasa huyu mtoto atatoka na mashavu."

Nikapanda kitandani nikiwa bado natabasamu. Akaweka sikio kwenye ile koni ya kusikilizia moyo wa mtoto. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Kisha akaenda kumwita daktari.

Tangu jana mtoto alikuwa ametulia tumboni. Nilidhani amelala.

Kwenye skani, moyo haukupiga.

Nilimuuliza daktari kama ni mimi, kama ni huu wembamba wangu. "Usijilaumu, mama. Wakati mwingine hata sisi hatujui sababu." Nilimsikia. Sikumwamini.

Mwangi alikuja kunichukua, na tulipofika nyumbani nilimwambia labda ningejikaza kula zaidi. Akanishika mikono yote miwili.

"Wangari, ulikula. Mimi nilikuona ukikula."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona akilia.

Jioni jirani amenikuta nikianua nguo. "Siku hizi umejaa, hongera!" Nimemwambia asante. Ningesema nini?

Kesho asubuhi narudi hospitalini kumzaa. Shangazi amepiga simu, ananisihi nisimwangalie, eti ndiyo nitasahau haraka.

Sitaki kusahau haraka. Nitamwangalia. Nitaomba wanipe nimbebe, hata kama ni kwa dakika chache, nijue mwanangu alikuwa mzito kiasi gani.