Hema Lenu, Bembea Msiiguse

Baba Stara na wanangu,

Maharage yameshaiva, yaungeni tu. Rehani, litoe hema stoo ulianike kabla ya safari ya kesho, linanuka panya. Stara, anua nguo.

Baba Stara, ile bembea yako ya kulalia ~~nimeirudisha dukani~~ bado ipo. Ngoja nieleze, ingawa nimeshachelewa kazini.

Wiki nzima nimesema: huko porini tunakokwenda kupiga kambi ni migunga na miiba mitupu, bembea utaifunga wapi? Hema linatutosha wote wanne. Ukanicheka, jana ukaifunga kwenye nguzo za mizabibu yetu ili unionyeshe ilivyo tamu.

Basi asubuhi ulipowapeleka watoto shule, nikaenda kuifungua niirudishe walikoiuza. Nikasema nijilaze dakika mbili tu, niwe na haki ya kuisema vibaya. Weee! Kale kaupepo ketu ka Dodoma kakaanza kunibembeleza. Nimekuja kushtuka saa tatu kasorobo, jani la mzabibu limenigandia shavuni, na leo nina kikao wizarani!

Nguzo ya mwisho imeinama. Msiwasingizie mbuzi wa jirani, ni mimi. Ishindilieni.

~~Tunakwenda na hema tu.~~ Tunabeba vyote viwili. Hemani mtalala nyinyi watatu, na Rehani anapiga mateke, utajijua.

Ulisema mwenyewe bembea ni ya mtu mmoja. Sawa, mume wangu. Mtu huyo amepatikana.

Mama Stara